Feni ya maji Gitega na Muyinga: mafunzo niliyopata

Ukitaja Gitega, hapa Burundi, wengi hukumbuka baridi. Mji umekaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Muyinga nayo iko kwenye vilima vya kaskazini mashariki, na usiku wa Julai blanketi moja halitoshi. Lakini aliyewahi kukaa chini ya bati lisilo na dari saa nane mchana, mwezi wa Agosti, anajua joto lilivyo. Mama yangu anaishi Muyinga katika nyumba ya namna hiyo. Mimi nashona nguo Gitega, katika chumba kimoja chenye pasi inayowaka kutwa. Nyumba zote mbili zina feni ya maji, na kila kiangazi jamaa na majirani huniuliza kama na wao wanunue. Haya ndiyo ninayowajibu.

1. Kinachopoza ni ukavu wa hewa

Feni ya maji haina gesi wala kompresa. Ndani yake mna tangi, pampu ndogo, pedi inayolowana, na mapanga ya feni yanayovuta hewa kupitia pedi hiyo. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la hewa inayopita. Lita moja ikikauka yote huondoa joto linalolingana na theluthi mbili za uniti moja ya umeme, na si kidogo hicho. Mtungi wa udongo hufanya kazi hiyohiyo: maji hupenya polepole hadi nje, hukaukia pale, na yaliyobaki ndani hupoa. Mnaijeria Mohammed Bah Abba alitunukiwa Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kuitumia kanuni hii kuhifadhi mboga bila umeme: vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowa katikati.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hewa yako ina nafasi gani ya kupokea mvuke. Kwetu, kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, mchana hewa hukauka hadi midomo kupasuka. Huo ndio msimu wa mashine hii. Machi na Aprili, mvua zikishika, hewa imeshashiba maji, na hata ukiiwasha kutwa nzima utapata upepo tu.

2. Pima kabla ya kutoa pesa

Kipimo chenyewe ni rahisi, na nasikitika kwamba hakuna muuzaji anayekieleza. Tafuta vipimajoto viwili vya bei ndogo. Kimoja kifunge ncha yake kwa kitambaa cha pamba kilicholowa. Vitundike vyote viwili mlangoni, kivulini, kisha uvipepee kwa kipande cha boksi kwa dakika chache. Kile kikavu kitabaki pale pale. Kile chenye kitambaa kitashuka, kitashuka, kisha kitagoma. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo mali yote uliyo nayo, na hakuna feni ya maji itakayoipita. Iliyo nzuri hukupa kama asilimia 70 ya tofauti hiyo.

Chukua mchana wa kiangazi wenye digrii 27 na unyevu wa asilimia 40. Kipimajoto chenye kitambaa kitasimama karibu na 18, na feni itakupulizia hewa ya digrii 21 hivi. Hiyo ni raha ya kweli. Sasa chukua siku ya masika yenye digrii 25 na unyevu wa asilimia 80. Kitambaa kitasimama kwenye 22 na ushee. Utapata nafuu ya digrii mbili, na chumba kitazidi kuwa na unyevunyevu.

3. Uliza aliyekusifia anaishi wapi

Bidhaa nyingi za Muyinga huingia kwa mpaka wa Kobero, zikitoka Dar es Salaam, na maneno ya biashara huja pamoja nazo. Mfanyabiashara mmoja wa Dar alinihakikishia kwamba feni ya maji haifai kitu. Mwingine, mwenyeji wa Dodoma, aliniapia kwamba hawezi kulala bila yake. Wote wawili ni wakweli. Dar iko ufukweni na hewa yake ni nzito mwaka mzima. Dodoma ni kukavu, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba. Sisi wa nyanda za juu tuko upande wa Dodoma kwa miezi mitatu, kisha mvua zikirudi tunahamia upande wa Dar.

4. Fungua dirisha

Hili ndilo gumu kueleweka. Watu wamezoea kusikia kwamba ukiwasha kipoza hewa funga kila kitu. Kwa kipoza hewa cha gesi ni sawa. Kwa feni ya maji, chumba kilichofungwa hujaa mvuke, pedi huacha kukauka, na baada ya muda unakaa kwenye joto lenye jasho.

Mama alinibishia sana. “Mwanangu, si baridi yote itatoka nje?”

“Iache itoke, Mama. Inatoka na unyevu.”

Tukaiweka feni mgongo wake ukielekea mlango wa uani, ivute hewa ya nje, tukaacha dirisha la upande wa pili wazi kiasi cha kiganja. Pazia la kitenge likaanza kusukumwa kuelekea nje. Hiyo ndiyo dalili ninayomwambia kila mtu aitafute. Pazia likilala, fungua zaidi.

5. Paa lije kwanza

Feni hupoza hewa. Bati lililopigwa na jua hukumwagia joto kichwani moja kwa moja, na hewa ikipoa bado utosi unawaka. Nina hakika kwamba mwenye pesa ya kitu kimoja tu afunge dari kwanza, hata ya mkeka au plaiwudi, na aache matundu ya hewa chini ya paa.

Anayetaka kuona jambo hili limefanywa vizuri, aiangalie maktaba ya Muyinga iliyokamilika mwaka 2012, sehemu ya shule ya watoto viziwi, iliyochorwa na wasanifu wa Ubelgiji, BC Architects. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, na kati ya matofali wameacha nafasi hewa ipite. Ndani kuna kimo kikubwa, juu kuna boriti za mikaratusi na vigae vya udongo vilivyochomwa hukohuko, na pembeni kuna baraza ndefu kama ya nyumba zetu. Hewa moto hupanda na kutoka, ya nje huingia.

6. Dukani angalia pedi

Rangi, taa na rimoti ziache. Fungua mgongo wa mashine ushike pedi. Ya karatasi ngumu yenye matundu kama sega la nyuki, nene, hupoza vizuri na hudumu. Ile nyembamba ya sponji ni mapambo. Kisha angalia kiasi cha hewa kwa saa. Zidisha urefu, upana na kimo cha chumba, halafu zidisha mara 25: chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.8, kinahitaji kama mita za ujazo 840 kwa saa. Ongeza kidogo, kwa sababu namba za kwenye boksi huwa na ukarimu. Vile vidude vya mezani vinavyochomekwa kwenye chaji ya simu haviwezi kupoza chumba, tangazo liseme litakalo.

Vipakti vya barafu wanavyokupa kama zawadi usivitegemee. Kilo ya barafu ikiyeyuka hubeba joto la karibu sehemu moja tu kati ya saba za lile linalobebwa na kilo ya maji ikikauka.

Kwa umeme, mashine hizi ni rafiki. Nyingi za nyumbani hula wati kati ya 60 na 200, wakati kipoza hewa cha gesi hupita wati 1,000 kwa urahisi. Kwenye mita ya Cash Power, ya umeme wa kulipia kabla, tofauti hiyo inaonekana haraka.

7. Hesabu maji

Msimu wa feni ndio msimu wa mabomba kukauka. Mashine ya chumba kimoja inaweza kumaliza dumu la lita 20 kwa siku moja ya jua kali, na dumu hilo kuna mtu amelibeba kichwani. Muyinga tumekubaliana: ya kupika na kunywa kwanza, kisha feni, na iwashwe saa saba hadi saa kumi tu, joto linapokuwa kali.

Maji yasilale ndani ya tangi. Yakilala yanatoa harufu ya ukungu na kuwakaribisha mbu, na malaria tunayo ya kutosha. Jioni zima pampu, acha feni ikaushe pedi kwa muda, mwaga kilichobaki kwenye shina la mgomba. Pedi ikianza kupata ukoko mweupe wa chokaa, iloweke kwenye maji yenye siki, kisha uisuuze. Na siku ya kununua, nunua na pampu ya akiba, kwa sababu ndiyo hufa kwanza, na Agosti si rahisi kuipata.