Kuridhika Tukiwa Ugenini
Somo la familia na vikundi vya maombi
Masomo: Yeremia 28 na 29, Wafilipi 4:10-19, Mithali 30:7-9



Jioni tukisimama hapa Gisenyi tunaona taa za Goma ng'ambo ya mpaka, na siku nyingine wekundu wa Nyiragongo mawinguni. Kila mmoja anajua nyumba yake iko upande gani. Kuna waliovuka volkano ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, wakarudi baada ya siku chache. Wengine walivuka mwaka 2012, wakapitia Nkamira, wakapelekwa Kigeme. Kisha Januari 2025 ilituletea huzuni mbili ndani ya juma moja: tarehe 20 Marekani ilitangaza kusimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na tarehe 27 vita viliingia Goma. Njia ya mbele ikafungwa, na ya nyuma pia.

Katika hali hiyo, nani athubutu kufundisha juu ya kuridhika? Tusingethubutu, kama Maandiko yenyewe yasingetoka kwa wafungwa na watu waliohamishwa.

1. Kuridhika ni jambo la kujifunza

Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni. Anasema kwamba alijifunza kuridhika; maana yake hakuzaliwa nako. Neno la Kiyunani analotumia, autarkes, wenye hekima wa wakati ule walilitumia kwa mtu anayejitosheleza, asiyemhitaji yeyote. Paulo analichukua neno hilo na kuligeuza: yeye anatoshelezwa na Kristo anayemtia nguvu. Mstari wa 13 tunapenda kuutamka tunapotafuta kazi au safari. Tusome kwanza mstari wa 12: habari yake ni njaa na shibe.

Tena, mstari wa 14 anawashukuru ndugu walioshiriki dhiki yake. Basi aliyeridhika anaweza kupokea msaada bila aibu. Na Paulo huyo huyo alipoonewa alikata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11). Kuridhika hakutuzuii kudai haki yetu, mradi tunaidai kwa ukweli.

2. Tuishi leo, tusiishi kwa tarehe za Hanania

Watu wa Yuda walipokuwa Babeli, nabii Hanania alitangaza kwamba mambo yangekwisha kwa miaka miwili. Yeremia alisema miaka 70. Je, sisi tungempenda nani? Mstari wa 11 wa sura ya 29 tunauandika ukutani, lakini mstari wa 10 wenye miaka 70 tunauruka. Wengi waliosomewa barua ile hawakurudi wenyewe; walirudi watoto na wajukuu wao. Hata hivyo Mungu aliwaagiza wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao, na kuuombea amani mji waliokaa. Wazee wetu nao husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Akina Hanania wapo kati yetu. Wanatabiri mwezi wa kurudi au siku ya kupanda ndege, kisha wanapokea sadaka. Tumeona mtoto akikaa nyumbani bila shule kwa sababu wazazi waliambiwa wangeondoka mwezi ujao. Mwaka ukapita. Safari haikuja, na darasa lilikuwa limepotea.

3. Uaminifu wakati posho ni ndogo

Machi 2021 PAM ilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Rwanda kwa asilimia 60 kwa kukosa fedha. Baadaye familia ziligawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la tatu likabaki bila mgao. Hapo majirani walianza kuchunguzana: kwa nini yule, na si mimi? Hapo pia kishawishi kiliingia: kuongeza jina kwenye kadi, kuficha kazi ya kijana, kubadilisha historia yetu siku ya mahojiano.

Aguri aliogopa mambo mawili katika sala yake: kushiba hata amsahau Mungu, na kuwa maskini hata aibe. Alijua njaa inaweza kumfanya mcha Mungu kuwa mwongo. Sisi wachungaji nasi tunakiri: tumeletewa karatasi zisizo za kweli tutie sahihi, na si kila mara tulikataa kwa haraka. Mtoto aliyeandikwa kwa jina la baba mwingine ili asafiri, atamwita nani baba? Uongo wa siku moja unaweza kubebwa na kizazi kizima.

Tuangalie jambo moja zaidi. Somo hili ni la mtu kujifundisha mwenyewe. Tusiende kumwambia jirani mwenye njaa kwamba aridhike. Aliyeridhika kweli hujulikana kwa sahani anayoigawa.

Ya kufanya juma hili

- Panda kitu, hata mboga ndani ya gunia mlangoni.
- Mwandikishe mtoto aliyebaki nyumbani.
- Tembelea familia moja isiyopata mgao, wala usiende mikono mitupu.
- Ombea Rubavu na Goma pamoja, na viongozi wa pande zote mbili.

Maswali ya kujadili

- Ni jambo gani tumeliahirisha tukisubiri kurudi au kuondoka?
- Je, kuna neno lililoandikwa kwa jina letu ambalo si kweli? Nani atatusaidia kulirekebisha?

Tuombe: Bwana, hatukufichi kwamba tumechoka. Tupe chakula cha leo, na moyo usiosema uongo ili kukipata. Turudishe nyumbani kwa wakati wako. Na mpaka hapo, tukukute hapa tulipo. Amina.