Somo: Waridi la Ruiru na Mapatano ya Ulaya

Msafiri atokaye Ruiru kwenda Thika huona, karibu na mashamba ya kahawa, mabanda marefu ya plastiki. Humo hukuzwa mawaridi. Waridi likiisha kukatwa halina siku nyingi: huwekwa mahali pa baridi, likasafirishwa kwa ndege, likauzwa Ulaya kabla halijanyauka. Kwa hiyo faida yake haiamuliwi shambani tu, bali na forodhani kwa wanunuzi.

Tangu Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975, bidhaa nyingi za Kenya ziliingia Ulaya bila ushuru. Lakini msamaha huo ulikuwa wa upande mmoja, nao haukupatana na sheria za biashara ya dunia. Ikatakiwa yafanywe mapatano mapya, kila upande umfungulie mwenziwe mlango.

Hapa ndipo penye fundo, na wengi hulipita bila kuliona. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi huhesabiwa miongoni mwa nchi zilizo nyuma zaidi kwa maendeleo, na kwa mpango ulioanza mwaka 2001 Ulaya huzipokea bidhaa zao zote bila ushuru, isipokuwa silaha. Kenya haimo katika hesabu hiyo. Jirani waliweza kungoja; Kenya haikuweza.

Kenya Flower Council, chama cha wakulima wa maua kilichoanzishwa mwaka 1996, kilikuwa miongoni mwa walioihimiza Serikali ikubali mapatano. Hoja yao ilidhihirika mwaka 2014. Tarehe 1 Oktoba ilifika mapatano hayajakamilika, na maua ya Kenya yakatozwa ushuru uliofikia asilimia 8.5, hata ulipoondolewa tarehe 25 Desemba. Huenda mtu akasema ni kidogo. Si kidogo kwa ashindanaye na Ethiopia, ambayo haikutozwa kitu; na hasara ikizidi, kibarua ndiye aambiwaye kwanza abaki nyumbani.

Wapinzani nao walikuwa na neno. Mwaka 2007 wakulima wadogo, pamoja na Kenya Human Rights Commission, walipeleka shauri Mahakama Kuu, wakihofu kuwa mazao ya Ulaya, ambako serikali huwasaidia wakulima kwa fedha, yangewashinda sokoni kwao wenyewe. Hofu hiyo haikuwa upuuzi. Mwaka 2013 Mahakama iliiagiza Serikali iwashirikishe wananchi katika jambo hilo.

Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia sahihi, Tanzania ikakataa. Mwishowe Kenya ilitia sahihi mapatano yake peke yake, Nairobi, tarehe 18 Desemba 2023, yakaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Soko la Kenya litafunguliwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 25, na bidhaa kadha wa kadha zimeachwa nje kabisa.

Basi nyumba moja yaweza kuwa na mama akataye mawaridi Ruiru na baba auzaye maziwa Thika. Mama ausome ukurasa wa ushuru. Baba aitazame kwanza orodha ya bidhaa zilizoachwa nje.