Mchezo Unaolipa: Fedha Hutoka Wapi?

Mwaka 2021, katika janga la UVIKO-19, Wafilipino wengi waliugeuza mchezo wa mtandaoni wa Axie Infinity kuwa ajira. Sharti lilikuwa kumiliki viumbe watatu wa kidijitali. Asiyeweza kuwanunua aliazimwa na mwenye mtaji, wakagawana mapato (jasho, bila shaka, lilikuwa la mchezaji). Malipo yalikuwa sarafu ya mchezo wenyewe, ambayo thamani yake ilitegemea hasa wanunuzi wapya. Hao walipopungua, sarafu iliyowahi kuzidi senti 30 za Marekani ilishuka chini ya senti 1 mwaka 2022. Aliyekopa ili anunue alibaki na deni.

Mtumiaji anapoletewa fursa kama hii, tunamshauri aulize: mbali na wachezaji wapya, nani anaingiza fedha? Asipojibiwa kwa maandishi, asilipe kiingilio.