Kwa mshauri nasaha, "hapana" si utovu wa adabu

Wengi wanaofika kwa mshauri nasaha au afisa ustawi wa jamii, iwe Mpanda mjini, Inyonga au Mishamo mkoani Katavi, hujibu kila wanachoulizwa, hata kinachowachoma, kwa kuona kumkatiza mtaalamu ni kukosa heshima. Sivyo. Ridhaa uliyoitoa mwanzoni haikufungi. Unaweza kuiondoa hata katikati ya kikao.

Kabla ya kuanza

Uliza: tutafanya nini, kwa muda gani, maelezo yangu atayasoma nani, na siri yangu inaweza kutolewa lini? Mtaalamu makini atakueleza mapema kwamba maisha yakiwa hatarini, au mtoto akidhuriwa, hawezi kunyamaza. Mwanafunzi aliye mafunzoni akitaka kukaa kwenye kikao, au kikao kikitakiwa kurekodiwa, uombwe kwanza.

Anayekutafsiria ni nani?

Katumba na Mishamo, makazi ya waliokimbia Burundi mwaka 1972, wapo wazee wanaoeleza machungu yao vizuri zaidi kwa Kirundi. Kwingineko Katavi ni Kisukuma au Kipimbwe. Mkalimani wa haraka huwa mtoto, jirani au mume. Lakini mke hawezi kusimulia kipigo kupitia kinywa cha aliyempiga. Omba mtu mwingine, ikiwezekana mtumishi anayeijua lugha yako.

Namna ya kusema

Kulia au kuguswa na swali gumu si lazima iwe dalili ya huduma mbaya. Hata hivyo, kasi ya kulifikia jambo ni yako. Taja kitendo chenyewe, kwa maneno machache:

"Samahani daktari, hilo sijawa tayari kulizungumza."

"Naomba usinishike bega."

"Siku ile uliponiambia nimsamehe, niliumia."

Ulimi ukiwa mzito, andika kwenye karatasi umkabidhi mnapoanza. Mtaalamu mzuri atakusikiliza na kubadili njia. Akikukejeli au akitishia kukunyima huduma, omba mwingine. Kituo kikiwa na mshauri mmoja tu, au mshauri huyo ni jirani yako, uliza kuhusu rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi.

Akivuka mpaka

Mwenye mamlaka akidai ngono ili akuhudumie, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga simu TAKUKURU kwa namba 113, bila malipo. Ukishikwashikwa au kulazimishwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kwa mtoto, piga 116. Malalamiko mengine mpelekee mganga mfawidhi wa kituo, au Wizara ya Afya kwa namba 199.

Andika tarehe na kilichotokea siku hiyohiyo, na usifute ujumbe wowote kwenye simu: utahitajika kama ushahidi.