Wamenunuliwa Hao! Vidokezo 5 Kabla Hujakitukana Chombo cha Habari

Redio inasoma magazeti, chai haijapoa, nawe umeshatoa hukumu: "Hawa wamehongwa!" Huenda kweli. Lakini shahidi wako ni hasira tu, au una la kuonyesha?

1. Vaa jezi ya jirani
Shabiki wa Simba na wa Yanga wasikilize mechi moja, redio moja. Kila mmoja ataapa mtangazaji ni wa upande ule! Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha kisa kama hicho. Wanafunzi 144 walionyeshwa taarifa zilezile za televisheni kuhusu mauaji ya Beirut ya 1982. Walioiunga mkono Israel wakaona zinawabeba Waarabu, waliowaunga mkono Waarabu wakaona zinaibeba Israel. Basi habari ikikuchoma, badilisha majina kichwani. Ingekuwa chama kile kingine, ungelalamika? Umetabasamu, eeh? Usijali, sote tumo.

2. Winda vitenzi
Huyu "amefafanua", yule "amedai". Huyu "ameeleza", yule "amekiri". Shika kalamu, zungushia. Ikiwa wiki nzima ni upande mmoja tu unaodai, sasa una kitu cha kupeleka kijiweni.

3. Uliza fomu kwanza
Agosti 2022, tume ya uchaguzi Kenya, IEBC, iliweka mtandaoni Fomu 34A, za matokeo ya kura za urais, za vituo zaidi ya 46,000, na vyombo vya habari vikajijumlishia vyenyewe. Runinga hii ikaonyesha mgombea Ruto yuko mbele, ile mpinzani wake Raila. Mitandaoni? Matusi matupu! Kumbe kila chumba cha habari kilikuwa kinajumlisha fomu kwa mpangilio wake, na kinyang'anyiro kilikuwa kimebanana: matokeo yaliyotangazwa mwishoni yalikuwa asilimia 50.49 kwa 48.85. Kwa hiyo kabla ya kutazama kura, tazama vimejumlishwa vituo vingapi, na vya wapi. Ningekuwa mhariri, idadi hiyo ningeiandika kubwa kuliko sura za wagombea.

4. Mjue mwenye duka
Kwa magazeti ya Tanzania, HabariLeo ni la serikali, Uhuru ni la chama tawala, CCM. Si siri, wala si ushahidi kwamba wanadanganya. Ila ukijua nani anamlipa mhariri, utajua pia habari gani ukaitafute kwingine.

5. Lalamika kwa anwani
Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko, na mhariri mwenyewe ana simu. "Mmehongwa" haina pa kusahihishwa. "Ukurasa wa 3, aya ya pili, aliyetuhumiwa hakupewa nafasi ya kujibu" ina pa kusahihishwa. Wakikusahihishia, anza kutafuta kurasa za ndani, chini kabisa, jirani na tangazo la kiwanja kinachouzwa.