SOMO LA KUMI: MAPISHI YA WAZEE WETU, TUYAANDIKE

Ndugu mwanakisomo, ni nani aliyekufundisha kupika? Wengi watajibu: mama, bibi, shangazi, au mama mkwe. Hakuna aliyekuandikia ubaoni. Ulikaa karibu na mafiga. Ulitazama, ukaonja, ukatumwa kuongeza kuni. Wanaume nao walifundishwa na baba na babu zao kukausha nyama na kutunza asali. Hiyo yote ni elimu.

Lakini elimu hiyo ina upungufu mmoja. Inakaa kichwani na mikononi mwa mtu. Mtu huyo akifariki, inazikwa pamoja naye. Mjukuu akienda kuishi mjini, haimfikii. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Unaweza kuiokoa.

Chakula cha Singida na msimu wa mvua

Mkoa wetu wa Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua huanza Novemba au Desemba, nazo huisha Aprili. Baada ya hapo nchi hukauka kwa miezi mingi. Mboga za majani huadimika.

Wazee wetu waliijua shida hii, wakaitafutia dawa. Walilima uwele na mtama, mazao yanayostahimili ukame. Wakati wa mvua walichuma mlenda unaoota wenyewe mashambani na porini. Walikula mwingine ukiwa mbichi. Mwingine waliukausha, wakautwanga, wakauweka akiba. Kwa hiyo mapishi ya bibi si ya kufurahisha mdomo tu. Ni akiba ya nyumba.

Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa ukame na upungufu wa chakula katika sehemu nyingi za Tanzania. Mwaka 1975 ikafanyika kampeni kubwa iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana juu ya chakula. Nasi tunaweza kukaa na kujadiliana hivyo hivyo juu ya mapishi ya wazee wetu.

Jinsi ya kumwuliza mzee

Soma mazungumzo haya ya mfano.

MJUKUU: Shikamoo bibi.

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Daftari hilo la nini?

MJUKUU: Nataka kuandika jinsi unavyopika mlenda.

BIBI: Kuna nini cha kuandika? Chemsha maji, tia magadi kidogo, tia mlenda. Basi.

MJUKUU: Magadi kidogo ni kiasi gani, bibi?

BIBI: Kidogo tu. Mkono unajua.

MJUKUU: Mkono wako unajua, bibi. Wangu haujui. Yashike mkononi kama kawaida yako, nami niyapime kwa kijiko kabla hujayatia chunguni.

BIBI: Haya, pima. Kumbe wewe unataka kuujua mkono wangu!

Mjukuu huyu amefanya vizuri. Hakubishana na bibi. Alikaa naye jikoni, akapima kila kitu kabla hakijaingia chunguni. Halafu aliandika hivi:

Mlenda mkavu kwa karanga

Aliyenifundisha: bibi, mama yake mama.

Vitu vinavyotakiwa:
- maji vikombe 3
- karanga zilizotwangwa, nusu kikombe
- unga wa mlenda mkavu, vijiko vikubwa 4
- nyanya 2
- magadi, robo ya kijiko cha chai
- chumvi kidogo, kama robo ya kijiko cha chai

Namna ya kupika:
1. Chagua karanga kabla ya kuzitwanga. Tupa zote zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi.
2. Chemsha maji. Tia karanga zilizotwangwa, ukoroge. Acha zichemke polepole kwa dakika 15.
3. Katakata nyanya, uzitie. Tia magadi na chumvi.
4. Nyunyiza unga wa mlenda kidogo kidogo huku unakoroga, usije ukafanya madonge.
5. Acha uchemke kwa dakika 5. Ukivutika unapoinua mwiko, umeiva.
6. Kula kwa ugali wa uwele au wa mtama.

Angalia: magadi yakizidi huharibu baadhi ya vitamini za mboga. Pia, unapokausha majani ya mlenda, yaanike kivulini mahali penye hewa. Jua kali hupunguza vitamini A.

Andika pia sababu

Mara nyingine vijana huona hatua fulani ni kazi ya bure, wakairuka. Hatari iko hapo. Tutazame mfano wa mihogo michungu.

Mihogo michungu ina sumu. Wazee katika sehemu mbalimbali walijua kuiondoa. Njia moja ni kumenya mihogo, kuiloweka majini kwa siku 3 hadi 5 mpaka ilainike, halafu kuianika juani mpaka ikauke kabisa. Kazi hii huchukua siku nyingi.

Mwaka 1985 ukame uliingia wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara. Watu wakawa na njaa. Mihogo michungu ndiyo iliyobaki, na hawakuweza kungoja siku nyingi. Baadhi yao waliitwanga na kuianika kwa muda mfupi tu, wakaila. Wengi wakapatwa na ugonjwa uitwao konzo. Konzo hupooza miguu ghafla, na aliyepooza hubaki na kilema maisha yake yote.

Unaona, ndugu? Zile siku za kungoja zilikuwa ndizo dawa. Kwa hiyo usiandike tu "loweka mihogo". Andika: "Loweka siku 3 hadi 5 ili sumu itoke. Usipunguze siku hizi hata wakati wa njaa." Atakayesoma ataelewa na hatairuka hatua hiyo.

Maarifa ya zamani na maarifa mapya

Kuwaheshimu wazee si kukataa maarifa mapya. Mwaka 2016 watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara waliugua, na wengine walikufa, kwa kula nafaka yenye sumukuvu. Hii ni sumu inayotokana na kuvu, yaani ukungu. Hupatikana hasa katika mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo, hata kama mzee hakukutajia jambo hili, liongeze katika daftari lako: kausha vizuri, hifadhi pakavu, chagua, tupa mbovu.

Mambo saba ya kuandika

1. Jina la chakula, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani.
2. Jina la aliyekufundisha, na aliyemfundisha yeye.
3. Vitu vinavyotakiwa na vipimo vyake.
4. Hatua kwa mpango wake, ya kwanza mpaka ya mwisho.
5. Dalili ya kuiva: rangi, harufu au uzito.
6. Sababu ya kila hatua.
7. Jinsi ya kuhifadhi, na kwa muda gani.

Usisahau jambo la pili. Watoto wako wakipika chakula hicho, walijue jina la mzee aliyewaachia.

Maneno ya kujifunza

Hifadhi: weka kitu kisiharibike.
Stahimili: vumilia jambo gumu.
Kilema: upungufu wa mwili.
Sumukuvu: sumu inayotokana na kuvu.

Maswali

1. Kwa nini wazee wa Singida walikausha mlenda?
2. Mjukuu alifanya nini ili ajue kipimo cha magadi?
3. Ni nini kilichosababisha konzo Tarime mwaka 1985?
4. Taja njia mbili za kujikinga na sumukuvu.

Kazi ya kikundi

Kila mmoja amwendee mzee mmoja wa ukoo wake wiki hii. Aandike chakula kimoja kwa kufuata mambo saba. Siku ya kisomo kila mmoja asome alichoandika, na wenzake waseme kama wanaweza kukipika bila kuuliza. Wakiuliza swali, jibu lake liongezwe daftarini. Mzee aliye mgonjwa au aliye mbali atembelewe kwanza.