Ndege Inayohesabu Mifugo na Wanyamapori: Nani Hufanya Nini?

Wakazi wa maeneo ya malisho huenda wameona ndege ndogo ikipita chini chini kwa mstari ulionyooka, ikigeukia mbali, kisha ikirudi sambamba na njia yake ya kwanza. Huenda si doria. Kuhesabu mifugo na wanyamapori kutoka angani ni kazi ambayo serikali imeifanya tangu miaka ya 1970.

Kwa kawaida ndani huwa na watu wanne. Rubani hushika mwelekeo na kudumisha kimo cha takriban mita 120 kutoka ardhini. Aliye kando yake hutangaza mwanzo na mwisho wa kila kipande cha safari na kuandika hali ya nchi: nyasi, maji, mashamba, moto. Wawili wa nyuma, mmoja kila upande, ndio wanaohesabu wanyama.

Mbona rubani asisaidie kuhesabu? Kwenye nguzo ya bawa hufungwa vijiti viwili, na mhesabuji huhesabu wanyama walio kati ya vijiti hivyo pekee. Ndege ikipanda, ardhi inayoonekana kati yake huwa pana zaidi, na hesabu huharibika hata mhesabuji awe makini namna gani. Kundi kubwa hupigwa picha ili lihesabiwe upya ofisini. Kisha wataalamu wa takwimu hukadiria idadi ya eneo zima kutokana na vipande vilivyopitiwa.

Ndovu na nyati ni habari nyingine. Kwa kuwa hukusanyika makundi makundi, kukadiria huleta makosa, hivyo eneo lote hupekuliwa.

Taasisi nazo zimegawana kazi. Kurugenzi ya Uchunguzi wa Rasilimali na Utambuzi wa Mbali, DRSRS, huhesabu mifugo pamoja na wanyamapori katika nyanda za malisho. Shirika la Wanyamapori, KWS, hulinda wanyamapori na limezoea hesabu za ndovu. Mwaka 2021, taasisi hizi zilishirikiana na Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori katika sensa ya kitaifa, na ndovu 36,280 wakahesabiwa.

Kaunti je? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaacha ulinzi wa wanyamapori kwa serikali ya kitaifa, lakini ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni jukumu la kaunti. Kwa hivyo idadi ya ng'ombe na ngamia walioonekana na ndege ileile inaihusu ofisi ya mifugo, inayopaswa kujua ni chanjo ngapi zinahitajika na ni wapi malisho yatakwisha kwanza.

Hata hivyo, ndege ina mipaka yake. Kutoka juu, mbuzi na kondoo ni vigumu kutofautishwa, hivyo huandikwa pamoja. Mnyama aliye chini ya mti mnene huenda asionekane kabisa, na aliyechanjwa hana tofauti na asiyechanjwa. Hayo hujulikana afisa wa mifugo anapofika bomani na mfugaji akamweleza alicho nacho.